Ubongo, Damu na Mwenendo wa Mtu

Tangu zamani binadamu amekuwa akijiuliza ni jambo gani limfanyalo mtu mmoja awe mpole na ndugu yake, wa tumbo moja, awe mkali. Ni jambo gani limfanyalo mwenye staha aghadhibike ghafula akatamka maneno ambayo kesho yake huyajutia. Na kwa nini msiba mmoja humlaza mtu kitandani mwezi mzima, ilhali mwingine aliyefikwa na msiba ule ule huondoka matangani akarejea shughulini mwake. Matabibu wa Kiyunani, na baada yao matabibu wa Kiislamu walioirithi na kuikuza elimu yao, walijibu suali hilo kwa kusema kwamba mwilini mna vimiminika vinne, yaani damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba kimojawapo kikizidi au kikipungua, afya ya mtu huharibika na tabia yake hugeuka pamoja nayo. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 na kufariki mwaka 1037, aliyapanga mafundisho hayo katika kitabu chake kikuu cha utabibu, Al-Qanun, kilichosomwa mashariki na magharibi kwa karne nyingi. Na katika pwani yetu waganga wa vitabu waliendelea kuyapima maradhi kwa joto na baridi, kwa ukavu na umajimaji, hata zama za babu zetu.

Elimu ya leo imevifuta vimiminika vile vinne, lakini haikulifuta wazo lililokuwa chini yake. Wazee wale walikosea majina na hesabu. Mahali pa kutafuta hawakupakosea, kwani ni kweli kwamba mwilini mwa mtu mna vitu viwezavyo kuigeuza hali ya nafsi yake, na vitu hivyo vikipungua au vikizidi kiasi, mwenendo wake hubadilika hata jamaa zake wakamstaajabia. Vitu vyenyewe ni mafungu mawili. La kwanza ni kemikali zipelekazo habari kutoka neva hata neva, ziitwazo nyurotransmita, ambazo kazi yake huishia hapo hapo zinapotolewa. Na la pili ni homoni, ambazo hutoka katika tezi zikasafiri kwa njia ya damu mpaka viungo vya mbali. Juu ya yote hayo umekaa ubongo, ambao huziamrisha homoni na papo hapo huamrishwa nazo.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na theluthi hivi, ambao haufiki hata sehemu tatu katika mia ya uzito wa mwili, na hata hivyo hula kiasi cha sehemu ishirini katika mia ya nguvu zote ambazo mwili huzitumia. Ndani yake mna seli za neva zikadiriwazo kuwa bilioni 86, na kila seli husimama peke yake. Ncha zake hukaribiana mno na ncha za jirani zake, lakini baina yao hubaki mwanya mwembamba usioonekana kwa macho. Aliyelibainisha jambo hilo kwa uchunguzi na kwa michoro ya mkono wake ni Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1906.

Kwamba tabia ya mtu ina makao katika ubongo ni jambo lililothibitishwa zaidi na ajali kuliko na vitabu. Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na mji wa Cavendish katika jimbo la Vermont, Marekani, msimamizi wa vibarua wa reli aitwaye Phineas Gage, kijana wa miaka 25, alikuwa akishindilia baruti ndani ya tundu la mwamba, cheche ikaruka, baruti ikalipuka, na mtaimbo wake, wenye urefu uliozidi mita moja na uzito wa kilo 6, ukaingia chini ya shavu la kushoto ukatokea utosini. Gage hakufa, alisema na wenzake baada ya muda mfupi, akapandishwa garini, akapelekwa mjini akiwa ameketi. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika mwaka 1868 kwamba mtu yule, ambaye kabla ya ajali alisifiwa kwa busara na kuaminiwa na waajiri wake, aligeuka kigeugeu, mwenye matusi na asiyeshika shauri, hata rafiki zake wakasema kwamba huyu si Gage tena. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo iliyojeruhiwa. Nayo ndiyo imzuiayo mtu kutenda kila limjialo na kumkumbusha mwisho wa jambo kabla hajalianza. Ni sehemu hiyo hiyo ambayo hukawia kukomaa kuliko nyingine, mpaka mtu apindukiapo miaka ishirini, na hapana shaka kwamba vituko vingi vya ujana vina asili yake hapo.

Wengi wanaokisimulia kisa hiki hukomea hapo, na kukomea hapo ni kumdhulumu Gage. Baadaye alisafiri mpaka Chile, akafanya kazi ya kuendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa, kazi itakayo kuamka mapema, kuwatuliza wanyama, kuchunga saa na kusikilizana na abiria, jambo ambalo yule mtu wa matusi na papara asingeliweza. Akafa huko California mwaka 1860. Ubongo uliovunjika ulimbadilisha, na kazi yenye utaratibu, inavyoelekea, ikamrudishia sehemu ya alichokipoteza. Msomaji na aliweke jambo hilo akilini, kwa sababu tutalikuta tena mbele.

Sasa, habari hupitaje katika ule mwanya ulio baina ya seli na seli? Wataalamu walishindana kwa muda mrefu, baadhi yao wakishikilia kwamba ni umeme tu urukao, na wengine wakidai kwamba lazima iwepo dutu inayotumwa. Aliyeukata ubishi huo ni Otto Loewi, profesa wa elimu ya dawa katika mji wa Graz, Austria. Usiku mmoja alizinduka usingizini na fikra ya jaribio, akaiandika haraka haraka katika kikaratasi, akalala tena. Kulipopambazuka akakitazama kikaratasi asiweze kuusoma mwandiko wake mwenyewe. Usiku wa pili, saa tisa, fikra ile ikamrudia, na mara hii hakuiamini karatasi, bali aliondoka akaenda moja kwa moja maabara. Akaitwaa mioyo miwili ya vyura, ambayo ikitiwa maji yenye chumvi kwa kiasi huendelea kupiga hata ikiwa nje ya mwili, wa kwanza ungali na neva yake na wa pili neva yake imekwisha kuondolewa. Akaisisimua ile neva kwa umeme, na mapigo ya moyo wa kwanza yakapungua. Kisha akayachota maji yaliyokuwamo ndani ya moyo ule akayatia katika moyo wa pili, ambao haukuguswa na umeme wala haukuwa na neva, na moyo wa pili nao ukapunguza mapigo yake vile vile. Neva, basi, ilikuwa imemwaga kitu ndani ya yale maji. Loewi aliitangaza habari hiyo mwaka 1921. Dutu yenyewe ikatambuliwa baadaye kuwa asetilikolini, na mwaka 1936 yeye na Mwingereza Henry Dale wakashirikiana Tuzo ya Nobel. Miaka miwili baada ya hapo, Wanazi walipoitwaa Austria, walimtia Loewi kifungoni kwa kuwa ni Myahudi, wala hawakumwacha atoke nchini mpaka alipoitoa fedha ya tuzo ile.

Tangu siku hizo zimegunduliwa nyurotransmita nyingi, na katika hizo zote iliyovuma zaidi midomoni mwa watu ni dopamini. Mwaka 1957 Msweden Arvid Carlsson aliwapa sungura dawa ya reserpini, itokanayo na mmea wa Kihindi, nao wakazubaa wasiweze hata kujongea. Kisha akawadunga dutu ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, na baada ya dakika chache sungura wale wakaamka wakatembea kama kwamba hawakupatwa na neno. Sungura hao waliifungua njia ya kufahamu kwamba maradhi ya Parkinson, yale yamtetemeshayo mzee mikono na kuukaza mwili wake hata hatua moja ikawa shida, husababishwa na kufa kwa seli zitengenezazo dopamini, na dawa iliyotumiwa kwa sungura ikawa ndiyo dawa ya wagonjwa mpaka leo.

Lakini dopamini haikuwekwa mwilini kwa ajili ya kutembea tu. Baadhi ya wagonjwa wa Parkinson waliopewa dawa nyingine ziigazo kazi ya dopamini walianza kufanya mambo ambayo hawakuyafanya maishani mwao: mtu mtulivu, asiyewahi kuwekea dau hata senti, akawa mcheza kamari wa kuuza vyombo vya nyumbani, na mwingine akawa hajizuii kununua vitu asivyovihitaji. Dawa ilipopunguzwa au kubadilishwa, wengi wao waliirudia hali yao ya kwanza. Maelezo ya jambo hili yalipatikana Uswisi, ambako Wolfram Schultz aliwachunguza kima waliofundishwa kwamba taa ikiwaka watapewa maji ya matunda. Mwanzoni seli za dopamini zilichangamka maji yale yalipoonjwa. Baada ya mazoezi zilichangamka taa ilipowaka, na maji yenyewe yalipokuja zilikaa kimya. Na taa ilipowaka maji yasije, zilizimika zaidi ya desturi yake. Hapa tunaona kwamba dopamini ni elimu ya tamaa na matarajio zaidi kuliko ya raha yenyewe, na kwamba kinachomrudisha mcheza kamari mezani ni matumaini ya ushindi, ambayo ushindi wenyewe hauyashibishi. Kijana aishikaye simu yake kila dakika kutazama kama ameandikiwa neno naye yumo katika chuo hicho hicho.

Mifano ya kemikali za nje zinazoingilia mambo ya ndani hatuna haja ya kuitafuta ng'ambo. Mtazame muuza kahawa wa mtaa wowote wa pwani, wakati wa jioni, apitapo na dele lake lenye makaa chini yake, akivigonganisha vikombe mkononi mpaka afike barazani walipo wazee. Humimina kahawa chungu ya mafunda matatu, mnywaji hutafuna kipande cha kashata, na baada ya nusu saa hivi mazungumzo yaliyokuwa yamelegea huchangamka upya. Kilichotendeka ni hiki: mchana kutwa ubongo unapofanya kazi, ndani yake hulimbikana dutu iitwayo adenosini, ambayo hukaa katika mahali pake maalumu juu ya seli za neva na kuleta uzito wa usingizi. Kafeini iliyomo katika kahawa ina umbo linalofanana na la adenosini, kwa hiyo hutangulia kupashika mahali pale, mfano wa mgeni aliyekikalia kiti cha mzee barazani, na mzee afikapo hana pa kukaa. Uchovu haukuondoka, umefichwa tu, na kafeini iondokapo adenosini yote iliyokuwa ikingoja huketi kwa pamoja. Nikotini ya tumbaku na arekolini ya popoo ziwekwazo katika tambuu nazo huiga kazi ya asetilikolini, ile ile aliyoikuta Loewi ndani ya moyo wa chura. Ama miraa ya Meru, ndani ya majani yake mabichi mna kathinoni, ambayo huzilazimisha neva zimwage dopamini kwa wingi. Na kwa kuwa kathinoni huharibika jani linyaukapo, wafanyabiashara huifunga miraa kwa majani ya mgomba na kuikimbiza sokoni ingali mbichi. Mtafunaji husema sana, husahau njaa na hujiona hodari. Kisha hukosa usingizi, na siku ya pili hushukiwa na unyonge usio na sababu, kwa kuwa akiba iliyokopwa usiku lazima ilipwe mchana.

Tuiache sasa habari ya neva tuingie katika homoni. Mwaka 1849, katika mji wa Göttingen, Ujerumani, Arnold Berthold aliwahasi majogoo wachanga sita. Wawili aliwaacha hivyo, nao wakakua wanene na watulivu, upanga wa kichwani ukasinyaa, hawakuwika wala hawakupigana. Waliobaki aliwapachika korodani moja moja tumboni, mahali ambapo haikuunganika na neva yake ya asili, nao wakakua majogoo kamili, wenye kuwika, kupigana na kuwafuata mitetea. Kwa kuwa neva zilikuwa zimekatwa, haikubaki njia nyingine ila damu. Na kitu kile kilichosafiri katika damu ndicho tukiitacho leo testosteroni. Mwaka 1905 Mwingereza Ernest Starling ndipo alipolipa fungu hili lote jina la homoni.

Watu wengi wamesikia habari ya majogoo wakaona kwamba wamekwisha kupata udhuru wa ugomvi wa wanaume. Mambo ya binadamu hayakunyooka hivyo. Katika Bonde la Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanaishi Wahadzabe, ambao ni wawindaji na waokotaji wa chakula cha porini, na karibu yao wanaishi Wadatoga, ambao ni wafugaji. Baba wa Kihadzabe, kwa desturi, humbeba mtoto wake mchanga, hucheza naye na hulala karibu naye. Kwa Wadatoga malezi ya mtoto mchanga ni kazi ya wanawake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba katika Wahadzabe wanaume wenye watoto wana testosteroni iliyo chini kuliko ya wanaume wasio na watoto, na katika Wadatoga tofauti hiyo haikuonekana. Wote ni wanaume, wote wana watoto, na wote hukaa chini ya jua moja. Kilichotofautiana ni desturi ya kumlea mtoto, na desturi hiyo ikaandikwa katika damu.

Katika homoni zote, ile ambayo athari zake hujulikana na kila mtu, hata asiyelijua jina lake, ni adrenalini. Mtu akutanapo na nyoka njiani, au akitukanwa mbele za watu, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hutambua hatari kabla akili haijapata kuipima, ikatuma amri mpaka katika tezi mbili zilizo juu ya figo, na mara adrenalini humwagika: moyo hudunda, pumzi huwa za haraka, mboni za macho hutanuka, damu hulihama tumbo ikaenda katika misuli. Mwili umejiandaa kupigana au kukimbia, na kwa nyoka hayo ni maandalizi mema. Kwa ugomvi wa sokoni au wa chumbani ni balaa, kwa sababu katika dakika hizo ile sehemu ya mbele ya ubongo, iliyojeruhiwa kwa Gage, husikika kwa shida. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi, walisema wahenga, nao walisema kweli hata kwa mizani ya tezi. Bahati njema ni kwamba adrenalini haidumu katika damu ila dakika chache, kwa hiyo mafundisho ya dini yamtakayo mwenye hasira aketi ikiwa amesimama, na mila imtakayo anyamaze kwanza, yana faida ambayo daktari naye huikubali.

Hatari inapokawia, ndipo ijapo homoni ya pili kutoka tezi zile zile, nayo ni kortisoli. Kila alfajiri kortisoli hupanda ili imwamshe mtu na kumpa nguvu za kuianza siku, na jioni hushuka ili alale, na katika kiasi hicho ni neema. Lakini mwenye deni lisilolipika, au mke akaaye na mume asiyejua atarudi na hasira gani, au mtumishi atishwaye kila siku na bwana wake, kortisoli yake yaweza kukaa juu miezi na miaka, ikamharibia usingizi, ikamdhoofisha kumbukumbu, ikaupunguza uwezo wa mwili wake kupigana na maradhi.

Aliyeyachunguza hayo kwa subira kubwa ni Mmarekani Robert Sapolsky, aliyeanza mwaka 1978 kuwafuata nyani wa Maasai Mara, nchini Kenya. Alikuwa akimvizia nyani, akamlenga kwa mrija wenye sindano ya dawa ya usingizi, akampima damu, kisha akamwachia arudi kundini. Nyani wale hupata chakula chao kwa saa chache tu, na saa zilizobaki hupata nafasi ya kuoneana. Dume mkubwa akishindwa na mwenziwe humgeukia mdogo, na mdogo humgeukia jike, na jike humgeukia mtoto. Damu iliyasema hayo yote: madume ya chini, yasiyojua kipigo kitatoka wapi, yalikuwa na kortisoli nyingi kuliko yale ya juu.

Mnamo miaka ya 1980 likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Karibu na kundi moja palikuwa na hoteli ya watalii, yenye jalala la masalio ya chakula, na jalala hilo lilikuwa milki ya kundi la jirani. Kwa hiyo waliothubutu kwenda kulinyang'anya kila asubuhi walikuwa ni madume makali ya lile kundi la kwanza, kiasi cha nusu ya madume yake yote. Jalalani palitupwa nyama yenye ugonjwa wa kifua kikuu, na walioila wakafa. Kundi likabakiwa na madume wapole na majike wengi, na mara hali yake ikageuka: kuumana kukapungua, kukaa pamoja na kutoana chawa kukazidi, na wakubwa wakaacha kuwatesa wadogo bila sababu. Lakini ajabu yenyewe ilikuja baadaye. Dume wa nyani abaleghapo hulihama kundi alimozaliwa akaenda kutafuta jingine, hivyo miaka kumi baadaye wale madume wapole wa kwanza walikuwa wamekwisha, na waliokuwamo kundini wote walikuwa wageni waliolelewa kwingine, katika makundi ya kuumana. Hata hivyo upole ulidumu. Mgeni aliingia na ukali wake, akapokewa vyema na majike mapema kuliko ilivyo kawaida, akaona kwamba hapa watu hawaishi hivyo, na baada ya miezi akawa kama wenyeji. Na damu ya madume wa chini katika kundi lile haikuonyesha ile dhiki ionekanayo kwa wanyonge wa makundi mengine. Sapolsky na mkewe Lisa Share waliichapisha habari hii mwaka 2004.

Ikiwa desturi ya kundi yaweza kuituliza kortisoli ya nyani, ambaye hana shule, hana msikiti wala kanisa, seuze ya binadamu? Tumtazame na mama aliyejifungua. Homoni za uzazi, zilizopanda miezi tisa, huanguka kwa siku chache baada ya kuzaa, huku oksitosini ikitoka kila mtoto anyonyapo, ikiyashusha maziwa na kumfunga mama kwa mwanawe. Katika mporomoko huo wanawake wengine hulemewa na huzuni nzito, wakalia bila sababu, wakaogopa hata kumgusa mtoto. Mila yetu ya arubaini, ambayo mzazi hupumzishwa, hukandwa, hupikiwa na haachwi peke yake, haikutungwa na watu waliojua jina la homoni yoyote, lakini ilimweka mama mahali panapofaa katika siku zile za mporomoko. Na pale ambapo huzuni haiondoki hata kwa hayo, ni ugonjwa, nao una tiba hospitalini.

Kadhalika kuna tezi ya shingo, iitwayo thairoidi, ambayo homoni yake ikipungua mtu huwa mzito wa mwendo, mwenye baridi, mwenye usahaulifu na asiye na hamu ya lolote. Na ikizidi huwa na wasiwasi, hasira za karibu na mikono yenye kutetemeka. Tezi hiyo huhitaji madini joto, na palipo na udongo uliokosa madini hayo, kama ilivyokuwa katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, watu waliota marovu, na watoto waliozaliwa na mama waliopungukiwa sana waliathirika akili. Dawa yake haikuwa hotuba juu ya uvivu. Ilikuwa ni chumvi iliyotiwa madini joto.

Hukumu ya makala haya, basi, ni hii. Homoni na nyurotransmita humwelekeza mtu, na mwelekeo huo wakati mwingine huwa na nguvu kuliko nia yake, kama tulivyoona kwa mgonjwa aliyegeuzwa mcheza kamari na dawa. Lakini aghalabu huacha nafasi, na nafasi hiyo hujazwa na malezi, kazi, usingizi wa kutosha na watu wanaomzunguka, ambao nao huzigeuza homoni zake kwa zamu yao. Anayesema kwamba amempiga mkewe kwa sababu ya damu yake moto amesema nusu ya jambo na kuficha nusu iliyo mikononi mwake. Na anayemwambia mwenye sonona ajikaze tu, au mama mzazi kwamba anajidekeza, au mzee aliyegeuka tabia kwamba amelaaniwa, amemhukumu mtu kabla ya kumsikiliza shahidi. Kwa hiyo msomaji akimwona jamaa yake amebadilika ghafula, aliyekuwa mchangamfu akawa mkimya, aliyekuwa mtulivu akawa wa fujo, aliyekuwa mwangalifu akawa mpotezaji, asianze kwa lawama wala kwa uvumi wa mapepo; na amshike mkono ampeleke hospitali akapimwe, aulize na dawa anazokunywa, kisha arudi naye nyumbani akae naye, kwa kuwa kukaa naye nako ni sehemu ya dawa.